Jibu kwa Mwenye Mizani

Mrutu, tua mizani hapo penye saruji,
usiitundike kwenye mparachichi, tawi lile limechoka.
Chai ipo. Sukari haipo; tunabana.
Najua ulichofuata. Kila Jumatatu unapita Pasua
ukilitazama turubai langu kama fundi wa majeneza
anayekisia urefu wa mtu aliye hai.

Ndiyo, ni Pijo. Mia nne na nne, ya mwaka sitini na saba.
Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoanza kuganda;
sasa ni ya kutu na mavi ya kuku.
Nililinunua kwa bwana shamba mmoja wa Kibosho,
limelala chini ya migomba miaka kumi na moja,
majani yamepenya sakafu, nyuki wameweka masega kwenye kiti.
Ndeshi alicheka: "Umeoa mke wa pili, tena kikongwe."
Kisha akanishikia tochi mpaka saa sita usiku.

Bampa la mbele unalo wewe. Kilo kumi na nne.
Nakumbuka, kwa sababu uliandika kwa chaki kwenye ukuta wangu
na chaki sijaifuta.
Ilikuwa mwezi wa tatu, bima imekwama,
damu ya Ndeshi ilitaka kusafishwa Jumatano,
na Jumatano haingoji.
Sikukulaumu. Ila ulipolitupa juu ya mkokoteni
ule mlio niliusikia kwenye magego.

Mara tatu kwa wiki tunapanda KCMC.
Wanamfunga kwenye mashine: mipira miwili, pampu, chujio,
kitaa cha kijani. Wenzangu huja na Biblia, au na kufuma.
Mimi nasikiliza. Sikio langu lilishazoea
kujua silinda ipi inakohoa.
Juzi nikamwambia nesi, "Dada, pampu hii beringi yake inakwisha."
Akanicheka. Jana fundi kaja, kabadilisha beringi.
Ndeshi, macho kafumba, akasema:
"Mwangalieni huyo mzee, asije akanipaka grisi."

Usinipe pole, Mrutu. Pole ninazo gunia zima.
Wala mimi si mtakatifu. Kuna usiku nimekaa ndani ya gari lile,
usukani mkononi, matofali chini,
nikapiga hesabu ya ringi za pistoni, gasketi, kabureta,
kisha nikapiga hesabu ya mgonjwa,
na aibu ikanishika nilipoona
zote mbili zimekaa kwenye karatasi moja.

Sasa nimejiwekea utaratibu. Ikiisha taarifa ya habari ya saa mbili
nachukua kopo la siagi, natoa nati moja. Moja tu.
Mafuta ya taa, msasa, kipande cha kanga yake kuukuu.
Nasugua hadi ing'ae, naifunga kwa gazeti, naandika ilikotoka.
Wanasema haba na haba. Kibaba changu kinavuja, najua.
Gari halisogei hata nusu inchi.
Nimefika nati ya mia mbili na sita.
Nyingine nazisugua mara ya pili; usimwambie mtu.

Kwa hiyo hapana. Wala boneti. Wala mlango wa nyuma,
kuku mwekundu anaatamia humo.
Jumatatu ijayo ukipita, jibu ni hilo hilo,
labda.
Nikikuita kabla ya Jumatatu utajua.
Usiulize. Pima, lipa, ondoka upesi.

Lakini ukikuta, huko Kiboriloni mnakokusanyia mizigo,
nembo ndogo ya mbele, imepauka,
simba kasimama kwa miguu ya nyuma, mkia juu,
usiiweke kwenye mizani.
Itie mfukoni.
Pita hata usiku, nitakuwa macho.